Rivyu: Safari ya boti mto Rufiji, Hifadhi ya Nyerere (pesa yako iweke majini)

Likizo ikikaribia swali ni lilelile, jamani twende wapi na familia tukaone wanyama bila kufika mpaka Serengeti, na majibu nayo yaleyale, Mikumi, Mikumi, Mikumi. Mikumi sina ugomvi nayo, iko karibu, barabara kuu ya lami inakatiza ndani ya hifadhi na siku hizi treni ya SGR inakushusha Morogoro mapema tu. Ila kuna kitu kimoja Mikumi hutakipata, nacho ni mto mkubwa wa kupanda boti ukakaa humo jioni nzima, viboko kushoto, mamba kulia, tembo wanakunywa maji mbele yako. Hicho kitu kiko Rufiji, ndani na pembeni ya Hifadhi ya Taifa Nyerere, na ndo ninachokifanyia rivyu hapa. Lodji nitaziongelea kidogo, magari kidogo, sehemu kubwa ni boti kwa sababu boti ndo sababu ya kwenda kule.

Kwa wasiojua, hii ni ile sehemu tuliyozoea kuiita Selous. Mwaka 2019 upande wa kaskazini wa pori lile la akiba ulimegwa ukafanywa hifadhi ya taifa ukapewa jina la Mwalimu, kilomita za mraba 30,893, hakuna hifadhi ya taifa kubwa kuliko hiyo Tanzania. Mto Rufiji ndo unaipa uhai. Unaanzia pale Kilombero na Luwegu zinapokutana, kule mbele unapokea Ruaha Mkuu, alafu unashuka taratibu unatanuka kwenye tambarare mpaka kwenye delta yenye mikoko mkabala na kisiwa cha Mafia. Sehemu ya utalii wa boti ni ile mto ukishatoka kwenye magenge ya mawe na kuanza kutulia, ambako pembeni kuna mabwawa yaliyounganika nao, Tagalala, Manze, Nzerakera, Siwandu, mengi yao ni njia za zamani za mto wenyewe ambao kila baada ya miaka huhama ukaacha maji nyuma.

Sasa boti yenyewe. Ni boti za bati pana, chini ni flati, zina kipaa cha kukinga jua, viti vya kutazama pande zote na injini moja nyuma. Usitegemee anasa. Unachotakiwa kuangalia ni vitu vitatu kabla hujakanyaga ndani: laifu jaketi ziko za kutosha na za watoto zipo za saizi yao (hii naisisitiza, jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa miaka sita halimsaidii chochote maana anachomoka kwa chini), kipaa ni kizima, na nahodha ni mtu wa huko huko. Hicho cha tatu kina uzito kuliko vyote. Rufiji haina njia ya kudumu, mchanga unahama, leo hapa pana kina, mvua zikipita panakuwa kisiwa, kwa hiyo mtu anayeendesha boti anasoma maji kwa macho, anaona yanavyokunja anajua chini kuna mchanga au kuna kisiki au kuna mnyama. Sisi tulipewa kijana wa Mloka, kijiji cha jirani na geti la hifadhi, amekulia kando ya mto, na toka dakika za mwanzo unaona tofauti, hakuwa na haraka, anapunguza mwendo kabla ya kila kona na kila akikaribia kundi la viboko anagonga ubavu wa boti ili waliozama wainue vichwa tujue wako wapi.

Mama mmoja tuliyekuwa naye kwenye boti aliogopa sana pale mwanzo, akamuuliza, "Kaka, hawa hawawezi kutupindua kweli?" Akajibiwa kwa upole kabisa, "Mama, kiboko ukimuachia njia yake ya kwenda kwenye kina hana shida na wewe, shida inaanza ukikaa kati yake na maji marefu." Na kweli alikuwa anawazungukia kwa upande wa nchi kavu kukiwa na nafasi, au anasubiri kabisa mpaka wapite. Kwa wanaojiuliza kwanini wamejazana hivyo majini mchana kutwa, ngozi ya kiboko haihimili jua, kwa hiyo wanashinda humo na usiku ndo wanatoka kula majani. Kitu kingine ambacho watoto walikipenda ni kujua kwamba kiboko hata haogelei kihivyo, anatembea chini kwenye sakafu ya mto, ndo maana unamuona kazama hapa anaibukia kule.

Mamba wako wengi mno. Wanalala kwenye mchanga midomo wameachama, na wengi wetu tunadhani ni hasira au anasubiri mawindo, kumbe anapooza mwili tu. Unaweza kusogea karibu sana injini ikiwa imezimwa, na wakubwa wengine ni warefu kiasi kwamba kwenye boti watu wote mnanyamaza wenyewe bila kuambiwa. Usining'inize mkono nje. Najua picha nzuri inapatikana ukishusha simu mpaka karibu na maji, mi nakwambia acha.

Ila kwangu mimi mshindi ni ndege. Zaidi ya spishi 400 zimeorodheshwa kwenye eneo hili na hata kama we si mtu wa ndege, hapa utakuwa. Kingo za mto zina kuta za udongo zimetobolewa matundu mengi, hizo ni nyumba za keremkerem, na ukipita jioni wanatoka na kuingia kwa mamia, rangi za kijani, nyekundu, nyeupe shingoni, kelele tupu. Kuna mdiria yule mweusi na mweupe anayesimama hewani anapigapiga mbawa sehemu moja alafu anajitupa kichwa chini majini. Kuna furukombe juu ya mivumo mikavu, sauti yake utaisikia kabla hujamuona. Na kuna ndege mmoja ambaye mdomo wake wa chini ni mrefu kuliko wa juu, anaruka chinichini kabisa juu ya maji mdomo wazi anakata uso wa maji kama mkasi unavyopita kwenye kitambaa, akigusa samaki anaufunga. Huyo anataga mayai kwenye mchanga wazi kwenye visiwa, ndo maana naomba manahodha wasipandishe boti kila kisiwa kwa ajili ya picha za machweo. Vingine vina viota.

Kuhusu muda, kuna safari za asubuhi na za jioni. Asubuhi saa moja hewa ni safi, mto umelala, ndege wanachangamka. Jioni kuanzia saa kumi mwanga ni mzuri zaidi na ndo tembo wanashuka kunywa. Nikiambiwa nichague moja nitachukua jioni, ila kama mfuko unaruhusu chukua zote mbili na punguza siku ya gari. Watu wanalipia siku mbili tatu za gari alafu boti wanaiweka kama nyongeza ya lisaa limoja mwishoni, mi naona wanaigeuza safari kichwa chini miguu juu. Gari utalipata hifadhi yoyote nchi hii.

Simaanishi gari halina maana. Ukiwa na siku nzima ingia geti la Mtemere asubuhi na mapema, zungukeni pembezoni mwa mabwawa, hasa kiangazi kuanzia Juni mpaka Oktoba maji yakishakauka porini wanyama wote wanakuja pale. Tuliona twiga makundi kwa makundi, na hapa kuna jambo la ajabu, twiga wako kaskazini ya Rufiji tu, ukivuka mto kwenda kusini hakuna, mto umewazuia. Pundamilia, nyumbu, kuro, swala pala bila idadi, ngiri, nyani, simba wamelala chini ya vichaka kando ya bwawa. Tembo wanatikisa mikoche waokote matunda. Na eneo hili ni moja ya sehemu chache Afrika ambazo bado zina mbwa mwitu wengi, wale wenye madoa na masikio ya duara, wanyama ambao sehemu nyingi wamekwisha kabisa. Kuwaona ni bahati, muulizeni mwongozaji wenu kama kuna taarifa za kundi kuonekana karibuni, waongozaji wanapeana habari getini.

Njiani mtapitishwa pia kaburi la Selous mwenyewe pale Beho Beho, yule mwindaji Mwingereza aliyepigwa risasi Januari 1917 wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na chemchemi za maji moto karibu na Tagalala, harufu ya salfa inakupokea mapema. Kaburi ni dakika tano. Maji moto yana raha yake mkiwa na muda.

Ningependa waongozaji waongeze na historia yetu. Bonde hilihili ndo la Kinjeketile. Ngarambe, ambako alianza kugawa maji ya dawa kabla ya vita ya Maji Maji, iko Rufiji, na masimulizi yanasema aliingia kwenye kidimbwi watu wakaamini amekufa, akatoka kesho yake nguo zikiwa kavu. Wajerumani walimnyonga 1905. Mtoto wa Kitanzania aliyekaa kwenye boti juu ya mto huu asimuliwe hilo kabla ya habari za mwindaji wa Kiingereza. Kwenye boti yetu nahodha alilisimulia baada ya kuulizwa, na alilisimulia vizuri sana, watu wazima waliacha simu wakamsikiliza. Angeanza nalo.

Malazi: kuna makundi mawili, kambi za ndani ya hifadhi ambazo ni ghali, nyingi zimelenga wageni wa nje wanaokuja na ndege ndogo kutoka Dar, safari ya kama dakika 45 hivi, na kuna kambi na lodji za nje ya geti upande wa kijiji cha Mloka. Sisi tulilala nje. Tenti kubwa iliyojengewa juu ya msingi wa zege, kitanda safi, neti nzima, bafu nyuma na maji ya moto jioni. Umeme upo ila taa za nje wanazipunguza makusudi usiku. Msosi ulikuwa wa kawaida mzuri, wali, samaki wa mto, kuku, mchicha, matunda, na chapati za asubuhi ambazo watoto waliziongelea njia nzima ya kurudi. Usiku usitembee mwenyewe kutoka tenti kwenda mahali pa chakula, unamwita mlinzi kwa tochi anakuja kukuchukua, na hiyo si mbwembwe, viboko na tembo wanapita katikati ya kambi kweli. Tuliwasikia wanakula majani nje ya tenti. Ukiwa na mtu mwenye usingizi mwepesi mpe tenti ya katikati, mbali na ukingo.

Usafiri wa barabara unatokea Mbagala, Mkuranga, mpaka Kibiti ni lami, pale unaacha barabara ya kusini unakunja kulia kuelekea Mloka, na hapo ndo vumbi linaanza. Kwa ujumla weka masaa sita mpaka saba kutoka Dar, zaidi kama foleni ya Mbagala imekushika. Gari dogo kiangazi linaweza kufika likienda polepole, ila ndani ya hifadhi ni gari refu la foo bai foo, usibishane. Wasio na gari kuna basi za kwenda Mloka zinatoka pande za Mbagala, na kambi nyingi ukiongea nao mapema wanakuja kukuchukua stendi. Kuna pia reli ya TAZARA inayopita upande wa kaskazini magharibi, Kisaki na Matambwe, njia nzuri sana kwa macho maana treni inapita katikati ya wanyama, ila ratiba yake ithibitishe kabla hujapanga kitu chochote.

Masika usiende. Machi mpaka Mei barabara za ndani zinakatika, kambi nyingi zinafunga, na mto ukifurika unafurika kweli, aliyeona hali ya Rufiji na Kibiti Aprili 2024 hahitaji kuelezwa. Novemba mpaka Februari panapitika kiasi na ndege wahamiaji wanakuwa wamefika, ila joto ni kali.

Bei. Sitaandika namba kwa sababu zinabadilika na kila kambi ina yake, nitaandika zinavyokwenda. Boti nyingi zinatozwa kwa kichwa lakini kuna idadi ya chini, kwa hiyo mkienda wawili mnajikuta mnalipia viti vitupu, mkiwa sita au nane inashuka sana, ndo maana nashauri familia mbili ziungane. Mwananchi analipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na mgeni, beba kitambulisho cha NIDA. Getini hawapokei keshi, ni kadi au kontroo namba, na mtandao kule unasumbua, kwa hiyo malipo yafanyike kabla hamjaondoka Dar kama inawezekana. Boti inayoingia ndani ya mipaka ya hifadhi mnalipia kiingilio hata kama hamtashuka, boti inayoishia nje ya hifadhi hakuna hicho kiingilio na bado viboko na mamba mtawaona wengi. Kwa bajeti ndogo hii ya nje inatosha kabisa.

Na hapa kuna malalamiko yangu ya kweli. Kifurushi chetu tulinunua kwa wakala mmoja Dar, kwenye karatasi kimeandikwa "boti safari masaa matatu". Kufika kule tunaambiwa kilicholipiwa ni saa moja, tukitaka iliyobaki tuongeze pesa. Watu wa kambi hawakuwa na kosa, walituonyesha walichopokea. Tuliongeza kwa sababu tulishafika na watoto walishavaa majaketi, lakini hiyo tabia inaua utalii wa ndani kuliko hata barabara mbovu, mtu mmoja akifanyiwa hivyo anawaambia ndugu ishirini wasije. Ukinunua kwa wakala, omba namba ya kambi yenyewe, piga mwenyewe, uliza mambo manne: boti ni masaa mangapi, inaingia hifadhini au haiingii, ni yetu peke yetu au tunachangia, na laifu jaketi za watoto zipo? Wakijibu bila kusita ndo ulipe.

Kingine cha kurekebishwa ni mwendo wa boti kadhaa tulizopishana nazo. Nahodha anakimbilia kundi la tembo waliokuwa wanakunywa, injini inanguruma, tembo wanageuka wanapandisha ukingo na ndama wanateleza kwenye matope, wageni wamepata video ya sekunde kumi basi. Hawa tembo wamepitia mengi. Miaka ya 1970 eneo hili lilihesabiwa kuwa na tembo zaidi ya laki moja, sensa ya 2013 ikawakuta 13,084, ujangili uliwamaliza kiasi kwamba 2014 UNESCO ikaiweka Selous kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Waliobaki wana kumbukumbu na watu. Ukizima injini mbali na kuiacha boti isogee na maji wanakuzoea, wanaendelea kunywa, na unakaa nao nusu saa. Abiria tuna haki ya kumwambia nahodha kaka zima injini, na tuseme.

Nimeulizwa pia kuhusu bwawa la umeme. Bwawa la Nyerere liko juu ya mto kuliko sehemu tunayotembelea, lilianza kujazwa Desemba 2022 na mtambo wa kwanza ukawashwa mapema 2024, mitambo 9, megawati 2,115 kwa jumla. Umeme tunauhitaji na mgao wa ile miaka hakuna anayeutamani. Ila mimi napenda huu mto na nina wasiwasi nao, kwa sababu haya mabwawa madogo ya pembeni na mashamba ya watu wa Rufiji na kamba wa kwenye delta wote wamezoea mto unaopanda na kushuka na kuleta udongo, na sasa maji yanafunguliwa na binadamu, udongo mwingi unabaki nyuma ya ukuta. Wataalamu walilisema hili kabla ya ujenzi. Nahodha wetu anasema michanga imeshaanza kukaa tofauti na alivyozoea. Natamani wanaopanga kiasi cha maji ya kuachia wakae meza moja na watu kama yeye.

Vya kubeba: kofia, mafuta ya jua, koti jepesi la asubuhi, darubini hata ya kuazima (bila darubini nusu ya ndege zinakupita), dawa ya mbu, maji, na mfuko usioingiza maji kwa ajili ya simu. Nguo za bluu na nyeusi ziache nyumbani, mbung'o wanazipenda na kuumwa kwao kunauma. Waulize daktari kuhusu kinga ya malaria hasa kwa watoto.

Nyota: boti na nahodha 5 kati ya 5. Kambi 4, ningependa neti za madirishani zibane vizuri zaidi. Chakula 4. Barabara ya Kibiti mpaka Mloka 2. Wakala 1. Kwa wanaotaka kuzunguka kwa miguu pia ipo, mnatembea na askari mwenye silaha alfajiri, ila watoto wadogo hawaruhusiwi, kwa hiyo kama mna wadogo gawaneni, mmoja abaki nao kambini na mwingine aende, kesho yake mbadilishane. Septemba na Oktoba nafasi zinajaa haraka, piga simu mapema.